Matroni, Nyusi na Ndimu

Matroni hakutaka kusikia mtu akisema ndege ni mzuri. Ukiketi naye kwenye ngazi ya mlango wake wa nyuma, mbele ya ule ukuta wa mawe alikomwaga mtama, halafu ulimi ukuteleze useme, "Aki hako ni kazuri," alimeza chai yake kwanza, ndipo akakugeukia. "Nimekuuliza kama ni kazuri? Nimekuuliza kanafanya nini."

Basi unaangalia tena. Kanakula. "Kila mtu anakula. Kanakula kakiwa peke yake ama kanangoja wenzake? Kamekuja moja kwa moja ama kametua kwa waya kwanza?" Hapo ndipo wageni wengi walipokumbuka kwamba wameacha maharagwe jikoni, wakaaga. Mimi nilibaki, tangu nikiwa mtoto wa darasa la kwanza, na sijajuta hata siku moja.

Alikuwa jirani yetu hapa Nakuru. Tuliishi katika zile nyumba za mawe za mstari mmoja zilizojengewa wafanyakazi wa reli, babu yangu akiwa mmoja wao, zenye ua mrefu wa pamoja nyuma, kamba za nguo na mfereji mmoja wa kugombaniwa. Matroni alihamia nyumba ya mwisho, ile iliyopakana na kichaka cha kaiyaba, alipostaafu kazi ya umatroni katika shule ya bweni ya wasichana upande wa Gilgil. Cheo kilishuka kwenye pikapu pamoja na masanduku yake. Baba alimwita Matroni, mchungaji alimwita Matroni, mama wa mboga alimwita Matroni. Sikuwahi kumsikia mtu akitaja jina lake, na yeye hakumwomba mtu alitaje.

Nina sababu ya kuandika habari zake, na afadhali niiseme mapema. Mimi ni pacha. Dada yangu ni Apiyo, aliyetangulia kuzaliwa. Mimi ni Adongo, niliyefuata. Tulifanana kiasi kwamba mama alitufunga uzi mkononi, mmoja mwekundu na mwingine mweusi, na siku uzi ulipokatika nyumba nzima ilishikwa na wasiwasi. Hata leo, sote wawili tukiwa na watoto wetu, simu yangu hufunguka ikioneshwa uso wa Apiyo. Nimependwa na watu wengi, sina malalamiko, lakini wengi wao waliwapenda mapacha. Matroni ndiye mtu pekee aliyejua kila mara, bila kukisia, kwamba aliyesimama mbele yake ni mimi. Kwa hiyo mwaka huu nilipoambiwa kwamba kichwa chake kimeanza kusahau, niliogopa kwa ajili yake, na niliogopa kwa ajili yangu pia. Sioni haya kulisema hilo.

Lakini kwanza nimweleze alivyokuwa.

Ndege wa rangi kali hakuwashughulikia sana. Wale wadogo wa buluu wenye shavu jekundu walipotua ukutani alisema, "Huyo hata mlevi anamjua," akaangalia kwingine. Aliowapenda ni wale wa kahawia, ambao mtu wa kawaida huwaita kandege akamaliza. Shuleni nilikuja kufundishwa kuwa wanaitwa chiriku, ndio hao ambao mtu wa maneno mengi hufananishwa nao. Kwa Matroni hawakuwa chiriku. Walikuwa Nyusi na Ndimu.

Nyusi na Ndimu walilingana kimo, wote walivaa kahawia yenye michirizi, wote walikula mtama uleule kwenye ukuta uleule. Nyusi alikuwa na mstari mweupe juu ya jicho, uliomfanya aonekane kama mtu aliyekuja kudai haki yake. Ndimu hakuwa na nyusi za kujivunia. Akiwa ametua ungeapa kwamba ni mke wa Nyusi, au mtoto wake, au binamu asiye na bahati. Ila akiruka, pale juu ya mkia, ulikuwa unaona kiraka cha manjano kama ndimu iliyoiva, halafu ameshazama kwenye kaiyaba.

"Wengine huwajui mpaka waondoke," Matroni alikuwa akisema. Alilisema juu ya Ndimu, kisha akalisema juu ya wapangaji, juu ya wachungaji waliohamishwa, na mara moja, kwa sauti ya chini, juu ya marehemu mume wake.

Nilipokuwa mkubwa kidogo nilimuuliza alijifunzia wapi kuangalia hivyo. Nilidhani atanitajia kitabu. Akanitajia bweni.

"Nilikuwa naletewa Form One wote siku moja," alisema. "Wamenyolewa, sweta moja, soksi moja, kila mmoja analia. Ukianza na sura utachanganyikiwa. Mimi nilikuwa nasimama tu kwa mlango. Huyu anatandika kitanda kabla hajafungua sanduku. Huyu anafungua sanduku kwanza, anaangalia kama mamake alimfichia kitu. Huyu hafanyi chochote, anangoja kuona wengine wanafanya nini. Wiki ikiisha nawajua hata stima zikipotea, kwa vile wanakohoa."

"Na ndege?"

"Ndege wako na sweta pia. Si unaona?"

Alitujua mimi na Apiyo kwa njia hiyohiyo, siku ya kwanza. Mama alitutuma na sahani ya chapati tumkaribishe jirani mpya. Tulikuwa tumevaa gauni za aina moja, viatu vya aina moja, nywele zimesukwa na mkono mmoja. Apiyo alipiga hodi akiwa ameshafika jikoni, ndivyo alivyo mpaka leo. Mimi nilisimama mlangoni. Si woga hasa. Ni kwamba mimi hupenda kuona chumba kabla chumba hakijaniona. Matroni aliipokea sahani, akamtazama yeye, akanitazama mimi.

"Wewe unatua moja kwa moja," akamwambia Apiyo. "Na wewe unatua kwa waya kwanza. Sawa. Majina mtaniambia mkimaliza chai."

Hakutukosea hata mara moja. Tulimjaribu, bila shaka. Siku moja tulibadilishana nyuzi za mkononi, Apiyo akasimama mlangoni kwa upole mwingi, mimi nikajitupa ndani kwa kelele. Matroni alikuwa akichambua mchele, wala hakuinua kichwa. "Apiyo, toka hapo kwa mlango, unasimama kama mtu anangoja basi. Na wewe Adongo, umegonga stuli, pole." Tulicheka mpaka tukaketi sakafuni. Nilicheka kuliko Apiyo, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na haja zaidi ya kushindwa mchezo ule.

Sasa, msidhani alikuwa mtakatifu wa macho. Mwanamke huyuhuyu aliyewatenganisha Nyusi na Ndimu upande wa pili wa ua hakuwahi kutoka kanisani na mwavuli wake mwenyewe. Kila msimu wa mvua mama alizunguka mtaani akirudisha miavuli ya watu. Vijana wa bodaboda wote aliwaita Brayo, na kwa kuwa kweli Brayo mmoja alikuwako stendini, yule alijiona ni mteule. Wanasiasa aliwachanganya vibaya sana, akamsifu mmoja kwa barabara iliyotengenezwa na adui yake, na baba alilazimika kutoka nje akacheke huko. "Hao sijakaa nao," alijitetea. "Mtu sijakaa naye nitamjua aje?"

Alifuga paka, tena mnene, kwa jina Prifekti. Ukimuuliza inakuwaje mpenda ndege anafuga paka, alijibu kwamba yeye si mpenda ndege, yeye anaangalia ndege, na kwamba Prifekti anafanya kazi yake na yeye anafanya yake. Lakini nilimwona kwa macho yangu akimrushia Prifekti ndala iliyopita sikioni. Njiwa nao waliipata ndala hiyo, kwa kosa la kula mtama wote bila adabu. Na chai yake, Mungu anisamehe, ilikuwa mbaya. Aliichemsha mpaka ikawa na ladha ya sufuria, na tuliinywa yote kwa sababu alikuwa akitutazama tunavyokunywa.

Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na nyanya yetu. Nyanya alikuja kutoka nyumbani magharibi kila Krismasi, na kwa nyanya jambo la mapacha lilikuwa na kanuni zake: mmoja akipewa ndizi, mwingine apewe ndizi, mmoja akishonewa gauni, mwingine ashonewe kutoka kitambaa kilekile. La sivyo aliyepunjwa ataugua. Mama aliifuata kanuni hiyo bila kubishana, na kwa upendo. Ndipo Krismasi moja Matroni akampa Apiyo kamba ya kuruka, na mimi akanipa kioo kidogo cha mkononi.

Nyanya alivishika vitu vile viwili kama ushahidi. "Mama, mapacha hawapewi vitu tofauti. Huyu mdogo atashikwa na homa."

"Akishikwa aletwe kwangu," Matroni akasema. "Nimeuguza wasichana maisha yangu yote."

"Watu husema ndege wa ubawa mmoja huruka pamoja."

"Waruke tu pamoja. Lakini kila ndege huruka na ubawa wake."

Jibu hilo lilimuudhi nyanya kuliko kioo chenyewe. Sikuugua. Kioo kile ninacho mpaka leo, kimepasuka pembeni. Nilipokuwa mdogo nilijitazama humo nikijaribu kuona kitu ambacho Apiyo hana, na sikukiona, lakini nilijua kuna mtu amekiona, na hilo lilinitosha kulala vizuri.

Nije kwenye habari ya ubatizo, ambayo mtaani kwetu bado inasimuliwa.

Tulikuwa darasa la tatu. Watoto walipangwa mstari mbele ya kanisa, wasichana kwa gauni nyeupe, mchungaji akiwa na bakuli la maji. Mama alikuwa kwenye kwaya, uso nyuma ya kitabu cha nyimbo. Apiyo alikuwa wa kwanza mstarini, kama ilivyotarajiwa, akabatizwa kwa jina la Mercy. Kisha mchungaji akaita Grace, yaani mimi. Mimi sikuwa mstarini. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango mkubwa, nimeshika mbao ya fremu, nikiangalia jinsi maji yalivyowashuka wenzangu machoni. Nilikuwa njiani kuja. Nilihitaji tu muda kidogo zaidi.

Apiyo alipoona sipo, akageuka aje kunichukua. Mchungaji alikuwa amevua miwani kwa sababu ya maji. Akaona gauni nyeupe, akaona uso uleule, akamshika bega, akamtia maji kichwani: "Grace, nakubatiza." Kwaya ikapaza haleluya, na mama yangu mzazi akiwa mstari wa mbele wa sauti ya pili. Apiyo alifungua mdomo kueleza, maji yakamwingia. Mchungaji akaanza kuita jina la mtoto anayefuata.

Hapo ndipo Matroni aliposimama, katikati ya ibada, na mkoba wake kwapani.

"Mchungaji, samahani. Huyo umembatiza mara mbili."

Watu wakacheka kidogo. Mchungaji akatabasamu. "Matroni, hawa ni mapacha."

"Najua ni mapacha. Ndiyo maana nasema. Bado kuna mmoja. Ako kwa mlango."

Kanisa lote likageuka. Mama alishusha kitabu, na uso wake siku ile sitausahau, maskini. Matroni alitoka kwenye benchi akaja hadi nilipo. Nilidhani atanivuta mkono. Hakunigusa. Akasimama kando yangu, akatazama mbele kule nilikokuwa natazama mimi, akaniambia polepole, "Ukiwa tayari. Maji hayaendi mahali." Tukasimama hivyo, watu wazima wote wakitungoja, mpaka miguu yangu ikaanza kutembea yenyewe.

Watu huisimulia habari hii wacheke, na wana haki. Mchungaji alikuwa akisema Apiyo ana akiba ya neema, akipungukiwa ataazima kwa jina la dada yake. Mama alijicheka kabla wengine hawajamcheka. Lakini mimi hufikiria ingekuwaje kama Matroni angebaki ameketi. Hakuna ambaye angekufa. Ningerudi nyumbani na gauni kavu, nikijua kwamba jina langu limepewa mtu mwingine mbele ya watu wote walionipenda, na hakuna aliyeona pengo. Sijui ningelibeba vipi jambo hilo. Namshukuru Mungu sikulazimika kujua.

Kukosea, alikosea. Msimu mmoja alitangaza kwamba amepata wa tatu, kahawia pia, mwenye michirizi iliyofifia na pembe za mdomo za manjano. Akamwita Madoa. Alimtangaza mtaa mzima, akawakalisha watu kwenye ngazi wamwone. Baada ya siku chache akamwona Nyusi akimtia Madoa mtama mdomoni. Kumbe Madoa alikuwa kifaranga wa Nyusi. Mtu mwingine angenyamaza, maana nani angejua? Matroni alivaa kardigani yake ya rangi ya damu ya mzee, akapita mlango kwa mlango.

"Yule Madoa niliwaambia," akamwambia baba, "si wa tatu. Ni mtoto wa Nyusi. Nilikosea."

"Matroni, mimi hata sikuwa najua kuna Madoa."

"Basi sasa unajua hayuko," akasema, akaenda mlango unaofuata.

Safari nazo zilikuwa shida. Tulipompeleka nyanya kuzikwa magharibi, basi lilisimama Salgaa ili watu wapate chakula. Tulirudi viti vyetu, injini ikawashwa, kiti cha Matroni kikiwa kitupu. Kondakta alimkuta ameinama chini ya lori la mizigo, dereva wa lori naye ameinama kando yake bila kujua wanatafuta nini. Alikuwa akiangalia shomoro waliokuwa wakiokota chembe za ugali kwenye magurudumu. "Wetu wa nyumbani wako na jicho jeupe," aliwaeleza abiria waliokuwa wakimkodolea macho. "Hawa wa Salgaa jicho ni jeusi na kidevu cheusi. Si hawa wetu. Hawa wamefuata malori." Abiria mmoja alimwambia mathe aketi. Akaketi, na aliyemwambia hivyo akageuka dirishani kutazama shomoro mpaka basi lilipoondoka.

Ziwani alikwenda mara moja tu, na sisi, watalii wakipiga picha ule umati wa ndege wa rangi ya waridi. Alirudi amenuna. "Mnasema flamingo, flamingo. Mbona hakuna mtu aliniambia ni wawili? Kuna yule mrefu mweupe-mweupe, ncha ya mdomo imechovywa wino. Na kuna yule mfupi, mdomo wote mweusi. Miaka yote hii mnawaweka kwa sentensi moja." Apiyo alipoanza kazi alimnunulia kitabu kikubwa chenye picha za ndege. Matroni alishukuru, akakifungua, akakunja uso. "Hapa wote wamesimama kama wanapigwa picha ya kitambulisho. Nitamjuaje mtu akiwa hafanyi kitu?" Kitabu kikawa cha kuzuia dirisha lisijifunge. Lakini mara mbili tatu nilikikuta kwenye meza, miwani juu yake, na dirisha limezuiwa na jiwe.

Miaka ikatutawanya. Apiyo aliolewa Mau Narok, anafundisha huko kwenye baridi na viazi. Mimi ninafanya kazi katika duka la dawa Gilgil. Tulipomchukua Matroni kwenda kumwona Apiyo, alikaa asubuhi nzima mbele ya mishubiri iliyochanua, akiangalia chozi, wale ndege wa mdomo mrefu wanaofyonza maua. Kwetu mjini alikuwapo mmoja mweusi mwenye mkia mrefu, ambaye jua likimpiga anakuwa na rangi ya shaba. Huyu wa Mau Narok kivulini alikuwa mweusi vilevile, mkia mrefu vilevile. Apiyo akasema, "Si ni yule yule wa nyumbani?" Matroni aliendelea kumwangalia ndege. Jua lilipofika kwenye mishubiri, ndege akageuka, kifua chake kikawaka zambarau. Matroni akamgonga Apiyo goti. "Usiseme mtu ni yule yule akiwa kivulini," akasema, na nilimwona amefurahi kama aliyepokea mgeni wa mbali.

Dukani kwangu huja mama mmoja na mapacha wake wa kiume. Kila mtu huwasalimu, "Niaje mapacha." Mimi huwasalimu mmoja mmoja, kwa jina. Mmoja hushika kaunta kwa mikono miwili, mwingine husoma kwanza maandishi ya kwenye dawa za kikohozi. Mama yao aliwahi kuniuliza nina siri gani, maana hata baba yao huwachanganya. Nilimwambia nilifundishwa na jirani. Sikuwa na jibu lingine, na hilo ndilo la kweli.

Kisha ikaja ile simu. Aliyepiga ni binti wa Matroni. "Mum anasahau sana siku hizi. Aliacha gesi wazi nikaona nimtoe huko. Niko naye Lanet." Apiyo alikuwa wa kwanza kwenda. Jioni yake akanipigia, na dada yangu si mtu wa kulia kwenye simu. "Hakunijua, Ado. Hata kidogo. Ananiita sista, anadhani mimi ni nesi. Ukienda, jipange."

Nilijipanga wiki nzima na sikufaulu. Nilijiambia kwamba yeye ndiye mgonjwa, si mimi. Kwamba ninakwenda kumpa, siendi kuchukua. Lakini moyoni nilijua ninakwenda kutafuta kitu. Duniani kulikuwa na jicho moja lililonijua bila uzi mkononi, na nilitaka kujua kama bado liko.

Nilifika Lanet alasiri. Nikasimama getini kidogo kabla ya kuingia, kama kawaida yangu. Ua wa binti yake umetandikwa kabro, yale matofali ya saruji, hauna ukuta wa mawe wala kaiyaba, ila kuna kipande cha nyasi, na binti alikuwa ameweka karai la maji na mtama kwenye kifuniko cha sufuria. Matroni aliketi barazani, blanketi magotini, ile kardigani ikimpwaya mabegani.

"Mum, una mgeni."

"Karibu, sista," akaniambia.

"Shikamoo, Matroni. Ni mimi, Adongo. Wa zile nyumba za reli."

"Aah," akasema, kwa adabu ya mtu ambaye hajaelewa.

Tulikunywa chai, ya binti yake, nzuri, na niliikosa ile mbaya. Akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamwambia. Baada ya muda akaniuliza tena. Mara ndege akatua kwenye kifuniko, na hata kabla sijaweka kikombe chini nilikuwa nimeuona ule mstari mweupe juu ya jicho. Nikamwinamia. "Matroni, huyo ni nani?"

Alimtazama muda mrefu, midomo ikicheza.

"Brayo," akasema.

Binti yake alicheka, nami nikacheka, kwa kuwa ilichekesha. Kisha nikabeba vikombe nikavipeleka jikoni, nikafungua mfereji, nikalia hapo kwenye sinki. Niliporudi nilipiga magoti mbele yake, nikaishika mikono yake, nikamwambia yote niliyopaswa kumwambia akiwa bado anayaelewa: kwamba alinipa kioo, kwamba alisimama katikati ya ibada, kwamba hakunivuta mkono. Nikamwambia asante. Alinisikiliza kwa upole, akanipapasa kiganja. "Haya, sista. Ukija tena uje na kadi ya kliniki."

Nikaaga. Nikavuka ile kabro polepole, nikiwa nimekubali. Nilipofika getini nilifungua komeo, nikasimama, kama ninavyosimama kwenye kila mlango, kutazama barabara kabla barabara haijanitazama.

"Ngojeni," nikasikia nyuma yangu. Haikuwa ile sauti ya mgonjwa wa blanketini. Ilikuwa ile ya bwenini.

"Nini, Mum?"

"Mwambieni mchungaji angoje. Bado kuna mmoja. Ako kwa mlango."

"Mchungaji gani, Mum?" binti yake akauliza.

Nililifunga geti, mimi nikiwa ndani, nikarudi kuketi.